Jinsi ya kuchagua padi ya mazoezi ya dramu isiyomsumbua jirani wala kuidanganya mikono

Mpiga dramu anayeishi katika nyumba ya kupanga, hasa ghorofani ambako sakafu ya mmoja ndiyo dari ya mwenzake, hulazimika kufanya sehemu kubwa ya mazoezi yake bila dramu yenyewe. Snea ya kawaida, ile dramu ndogo ya katikati yenye nyaya chini yake, ikipigwa kwa nguvu ya ibadani au ya jukwaani hutoa sauti inayozidi desibeli 100 karibu na sikio la mpigaji, ilhali kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo iliyokithiri zimeweka kikomo cha desibeli 35 katika maeneo ya makazi nyakati za usiku. Pengo la namna hiyo halizibiki kwa pazia zito wala kwa kufunga madirisha. Linazibika kwa kubadili kile kinachopigwa, na hapo ndipo padi ya mazoezi inapohitajika: kipande cha mbao, plastiki au chuma kilichofunikwa kwa mpira, jeli, neti au ngozi ya dramu, ambacho hupigwa kwa stiki bila kutoa mlio mkubwa.

Ugumu ni kwamba ukimya na uhalisia huvutana. Padi iliyo kimya kuliko zote kwa kawaida haifanani na snea, na padi ambayo stiki huirukia kwa raha kuliko zote inaweza kuwa ndiyo inayoudhoofisha mkono. Nimewaona vijana wa bendi za kanisa wakinunua padi yenye mpira unaodunda sana, wakawa wepesi mno juu yake ndani ya miezi mitatu, kisha siku ya Jumapili mikono yao ikakwama walipohamia kwenye tamu kubwa ya chini, ile dramu nene inayosimama sakafuni, kwa sababu ngozi yake iliyolegezwa haikuwarudishia stiki kama ule mpira. Hawakuwa wavivu, padi ilikuwa imewafanyia nusu ya kazi. Mwongozo huu umeandikwa ili anayenunua padi yake ya kwanza au ya pili ajue anachokinunua kabla hajatoa fedha.

Hatua ya kwanza: tambua ni kelele ipi inayomfikia jirani

Kelele za mazoezi ni za aina mbili, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza husafiri hewani: ni ule mlio wa stiki unaosikika chumbani, ukapenya mlangoni na dirishani. Ya pili husafiri ndani ya jengo: pigo hushuka kutoka kwenye padi hadi mezani, kutoka mezani hadi sakafuni, kisha zege huichukua mitetemo hiyo hadi chumba cha chini, ambako husikika kama mtu anayegonga dari kwa nyundo iliyofungwa kitambaa. Watu wengi hushughulikia ya kwanza peke yake, wakashangaa kuona jirani bado analalamika ilhali wao wenyewe hawasikii chochote cha maana.

Kabla ya kununua padi, fanya jaribio hili. Weka kitabu kinene juu ya meza, kipige kwa stiki kwa nguvu ya kawaida, na umwombe mwenzako asimame kwanza ukumbini, kisha, ikiwezekana, katika chumba cha chini au cha pembeni. Rudia kitabu kikiwa juu ya mto au blanketi lililokunjwa mara nne. Ikiwa sauti ya ukumbini haikubadilika lakini ya chumba cha chini imetoweka, basi adui yako ni mitetemo, na utanufaika zaidi kwa kununua stendi yenye miguu ya mpira na kuiweka juu ya zulia zito kuliko kwa kutafuta padi iliyo kimya zaidi. Ikiwa ya ukumbini ndiyo inayosumbua, uso wa padi ndio utakaoamua.

Programu za simu zinazopima desibeli zinafaa kwa kulinganisha vitu viwili katika chumba kilekile, simu ikiwa mahali palepale, lakini usizichukulie kama kipimo halisi.

Masikio yako mwenyewe nayo yamo katika hesabu hii. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo ukatwe nusu; kwa hesabu hiyo, kelele ya desibeli 100 inamruhusu mtu dakika 15 tu. Anayefanya mazoezi ya saa mbili kila siku kwenye dramu halisi bila vizibo vya masikio anajiharibia kifaa ambacho hakiuzwi dukani.

Hatua ya pili: ujue uso wa padi

Hili ndilo jambo la kulitulia. Watu huuliza, "Padi ipi inafanana na dramu?" na swali hilo halina jibu mpaka waseme ni dramu ipi. Snea iliyokazwa sana hurudisha stiki haraka, kwa sababu ngozi imewambwa kwa nguvu. Tamu kubwa ya chini iliyolegezwa humeza sehemu kubwa ya pigo, na mpigaji hulazimika kuinua stiki mwenyewe. Toazi halirudishi stiki kama ngozi hata kidogo. Yeyote aliyewahi kuona wapiga ngoma wakiipasha ngozi kwenye moto kabla ya kuanza kucheza anaijua tayari kanuni hii: ngozi ikikaza, mkono hupaa, ikilegea, mkono huzama. Ngozi za plastiki, ambazo Remo Belli alianza kuzitengeneza kwa wingi katika kampuni aliyoianzisha Marekani mwaka 1957, zilituondolea tatizo la unyevunyevu uliokuwa ukilegeza ngozi za ndama, lakini kanuni yenyewe haikubadilika.

Mpira asilia ulio laini ndio uso unaopatikana zaidi, na kwa kawaida hubandikwa juu ya mbao nene. Hudunda sana, mara nyingi kuliko snea nyingi, na sauti yake ni ya wastani, yenye ukavu kidogo. Evans RealFeel na padi za Vic Firth zenye pande mbili ni mfano mzuri, kwa kuwa upande mmoja ni mpira laini na wa pili ni mpira mgumu zaidi, na tofauti kati ya pande hizo unaisikia mkononi papo hapo. Upande mgumu hupiga kelele zaidi lakini humwonyesha mpigaji waziwazi kama mapigo yake ya kulia na ya kushoto yanalingana. Kama ningeruhusiwa kumiliki padi moja tu, ningechukua ya pande mbili ya inchi 12, kwa sababu inanipa nyuso mbili kwa bei ya moja.

Ngozi halisi ya plastiki iliyowambwa juu ya sponji, kama ilivyo kwenye padi za Remo zinazokazwa kwa ufunguo, ndiyo inayofanana zaidi na dramu kwa mguso. Ule mkwaruzo mwepesi wa ngozi iliyopakwa rangi nyeupe, jinsi ncha ya stiki inavyoteleza kidogo, na uwezo wa kukaza au kulegeza uso kulingana na dramu unayoiandalia, vyote hivyo mpira hauna. Gharama yake ni kelele. Padi hizi hutoa mlio mkali unaopenya milango, kwa hiyo zinafaa kwa mtu anayefanya mazoezi mchana au katika chumba cha nyuma cha ukumbi, na hazimfai anayeanza saa nne usiku baada ya watoto kulala.

Neti iliyosukwa kwa nyuzi za plastiki iko upande wa pili kabisa. Hewa hupita katika matundu yake, kwa hiyo hakuna kinachosukumwa na mlio unakuwa mdogo sana. Kampuni ya Roland iliposhirikiana na Remo kuweka ngozi za neti kwenye dramu zake za kielektroniki za TD-10 mwaka 1997, wapigaji wengi walipata kwa mara ya kwanza uso ulio kimya unaopindika chini ya stiki kama ngozi. Hata hivyo neti iliyokazwa sana hurusha stiki juu kama kitanda cha springi, na hapo ndipo udanganyifu ninaouonya unapokuwa mkubwa kuliko kwenye mpira. Dawa yake ni kuilegeza kuliko unavyotamani, au kuweka kipande cha sponji chini yake kikiigusa neti kidogo tu.

Jeli na sponji laini hazirudishi karibu chochote. Kampuni ya RTOM hutengeneza padi ya Moongel ambayo stiki ikiigusa hutulia kana kwamba imeangukia unga wa ngano uliokandwa. Hizi ndizo kimya kuliko zote nilizozitaja, na ni kali kwa vifundo vya mikono na vidole, kwa kuwa kila pigo ni lako mwenyewe. Anayefundishwa kupiga mapigo mawili mawili kwa kila mkono atagundua juu ya uso huu kwamba pigo lake la pili halikuwahi kuwepo. Lilikuwa la mpira. Nazipenda kwa dakika 10 au 15 kwa siku. Saa nzima juu yake, kwa mtu ambaye misuli yake haijazoea, inaweza kumletea maumivu ya kiwiko, na maumivu hayo yakianza ni lazima aache kupiga siku hiyo.

Kuna pia padi zenye uso mgumu wa tabaka la plastiki juu ya mpira, zilizotengenezwa kwa ajili ya wapigaji wa bendi za gwaride ambao snea zao hukazwa hadi kuwa kama meza. Kama hupigi gwaride, zipite.

Hatua ya tatu: ijaribu padi kwa stiki zako mwenyewe

Nenda dukani na stiki unazotumia kila siku. Stiki huuzwa kwa namba za ukubwa: ya 7A ina unene wa karibu milimita 13.7, ya 5A karibu 14.4 na ya 5B karibu 15, na ingawa tofauti hizo zinaonekana ndogo, padi iliyokuwa tulivu chini ya 7A inaweza kugonga mbao iliyo chini yake ikipigwa kwa 5B. Muuzaji akikupa stiki za dukani, mshukuru na utumie zako.

Anza kwa kuishika stiki kwa kidole gumba na cha shahada bila kuibana, inua ncha yake kama sentimita 20, kisha iachie ianguke yenyewe na uhesabu inaruka mara ngapi kabla ya kutulia. Fanya hivyo nyumbani au kanisani kwenye snea unayoipiga, mara tano, na uandike wastani wake, kisha linganisha. Padi inayozidi snea yako kwa miruko mingi itakubeba, na inayopungukiwa itakufanyisha kazi. Ukilazimika kuchagua kati ya hizo mbili, chukua inayopungukiwa kidogo.

Kisha piga mapigo mawili mawili kwa kila mkono, polepole, metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, ikiwa kwenye mapigo 60 kwa dakika, na usikilize pigo la pili. Uso mzuri hukuonyesha pigo la pili linapodhoofika. Uso mbaya hulificha. Baada ya hapo bonyeza stiki zote mbili ili zitetemeke mfululizo, kama mpigaji anavyofanya kabla ya kumtambulisha mgeni rasmi, na uone kama mtetemo unaungana au unakatika vipande vipande.

Jaribio ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni la mapigo hafifu. Inua ncha ya stiki sentimita 3 tu na upige, kisha inua sentimita 25 na upige, ukibadilishana. Katika muziki wa injili wa siku hizi na katika dansi, yale mapigo madogo yanayosikika kwa mbali kati ya mapigo makubwa ndiyo yanayoufanya mdundo utembee, na padi inayotoa sauti ileile kwa pigo dogo na kubwa haiwezi kukufundisha kuyatenganisha. Nyingi za bei ya chini kabisa zinashindwa hapa.

Mwisho, toka nje ya chumba na umwache mwingine apige. Sauti unayoisikia ukiwa umeinamia padi mara nyingi ni kali kuliko ile inayomfikia mtu wa mlango wa pili, lakini mara nyingine ni kinyume chake, hasa padi ikiwa juu ya kaunta ya mbao yenye uwazi ndani.

Hatua ya nne: ukubwa na urefu wa kukaa

Snea nyingi zina kipenyo cha inchi 14. Padi ya inchi 12 hukaa vizuri kwenye stendi ya kawaida ya snea na humpa mpigaji nafasi ya kuweka mikono kama ilivyo kwenye dramu, ilhali ya inchi 6 au 8 inabebeka kwenye begi la mgongoni na mara nyingi ina tundu la skrubu la milimita 8 linaloingia kwenye stendi ya toazi. Padi ndogo ina faida moja ambayo siyo ya ubebaji: hulazimisha stiki zote mbili kupiga karibu na mahali pamoja, jambo linalosawazisha sauti.

Urefu wa padi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mtu anayefanya mazoezi akiwa ameiweka mapajani au kwenye meza ya kulia chakula anaizoesha mikono pembe ambayo hataikuta kwenye dramu. Kaa kwenye kiti cha urefu uleule unaoutumia kwenye dramu, weka uso wa padi sentimita chache juu ya mapaja, na uhakikishe viwiko vinaning'inia bila mabega kuinuka.

Hatua ya tano: mguu na dramu nzima

Mikono ikishanyamaza, mguu ndio unaobaki kuamsha jirani. Pedali ya ngoma ya besi husukumwa na mguu kuelekea sakafuni na kila pigo huingia moja kwa moja kwenye zege, hata kama padi yake ya mpira haisikiki chumbani. Jukwaa dogo la mipira ya tenisi linasaidia sana, na fundi seremala yeyote anaweza kulitengeneza: vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18, sentimita 60 kwa 60, na kati yake mipira 9 iliyokaa katika matundu ya sentimita 4 yaliyotobolewa kwenye kipande cha chini, ili mipira isitembee. Pedali, padi yake na ikiwezekana kiti vyote vikae juu ya jukwaa hilo. Kiti kikibaki nje, kaza miguu yake kwenye zulia.

Mwenye dramu kamili nyumbani anaweza kuigeuza badala ya kununua padi nyingi. Ngozi za neti kama SilentStroke za Remo huwekwa mahali pa ngozi za kawaida, na matoazi yaliyotobolewa matundu madogo madogo, kama L80 ya Zildjian ambayo mtengenezaji huitangaza kuwa imepunguza sauti kwa hadi asilimia 80, hubaki na mguso wa chuma chini ya stiki. Njia nyepesi zaidi ni duara za mpira au sponji zinazolazwa juu ya ngozi, ambazo hupunguza mlio lakini hazizuii mitetemo ya sakafuni.

Ikiwa padi ya dukani haipatikani

Kuna miji mingi ambako duka la vyombo vya muziki liko mbali au lina aina moja tu ya padi. Padi nzuri hutengenezwa kwa kipande cha plaiwudi ya milimita 18 chenye sentimita 30 kwa 30 na shiti ya mpira wa soli yenye unene wa milimita 5 au 6, ambayo mafundi viatu huwa nayo. Sugua kwa msasa pande mbili zitakazogandana, paka gundi ya viatu kwenye mbao na kwenye mpira, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate tena kidoleni, kisha zigandamize kuanzia katikati kuelekea kingo ili hewa isibaki ndani. Chini ya mbao, bandika vipande vinne vya kandambili kuukuu kwenye pembe. Mpira wa soli hutofautiana ugumu, kwa hiyo mwombe fundi akuruhusu kuudondoshea stiki kabla hajaukata. Niliyoitengeneza kwa njia hii ilidunda kidogo kuliko snea, na kwa mazoezi ya mikono hilo lilikuwa jema.

Kuitumia na kuitunza

Jumuiya ya wapiga ngoma ya Percussive Arts Society ilikamilisha mwaka 1984 orodha ya mifumo 40 ya msingi ya mapigo, na padi yoyote nzuri inaitosha orodha hiyo yote. Gawanya muda: anza kwenye uso mgumu unaoonyesha makosa, hamia kwenye laini kwa dakika chache za nguvu, kisha rudi kwenye ule wa kwanza kwa kasi ya chini. Usiache wiki ipite bila kuigusa dramu halisi hata kwa nusu saa, kwa sababu padi haina ukingo wa chuma, haina mlio unaobaki hewani, na haikufundishi umbali wa kutoka snea hadi toazi.

Mpira asilia hukauka na kupasuka ukiachwa juani, hivyo usiuache dirishani wala kwenye buti la gari. Ufute kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni. Petroli na mafuta huulainisha na kuuharibu. Stiki ambayo ncha yake imeanza kuchanika huukwaruza uso wa padi na kuubandua taratibu, kwa hiyo ipige msasa au iweke kando. Padi yenye ngozi ya plastiki inahitaji jambo moja zaidi: kila baada ya wiki kadhaa, gonga kwa ncha ya stiki karibu na kila skrubu na usikilize, mahali penye sauti ya chini, kaza robo mzunguko, kisha vuka upande wa pili na ufanye vivyo hivyo, mpaka sauti ilingane pande zote.